Mkono Chini ya Mwalimu

Katika chuo kile cha uuguzi hakuna mwanafunzi aliyemwita kwa jina lake. Mbele yake alikuwa Mwalimu. Akigeuza mgongo tu, alikuwa Mama Umejuaje. Naye alijua, maana mwalimu gani asiyejua anavyoitwa nyuma ya mlango? Na jina lenyewe alilipata kihalali. Ukimwambia mgonjwa huyu ana homa, anakuuliza, "Umejuaje?" Ukimwambia umemgusa paji la uso, anataka kujua mkono wako ulitoka kushika nini kabla ya hapo, maana mkono uliotoka kwenye maji baridi humwona kila mtu ana homa. Na ole wako useme, "Nahisi tu, Mwalimu." Utajuta kuzaliwa. "Hilo si jibu," atakuambia, na kalamu yake itagonga ukingo wa kitanda, ko, ko, ko, mpaka jibu lipatikane.

Swali lake la kwanza kwa wageni lilikuwa lile lile kila mwaka. "Una wagonjwa wanne, na wewe uko peke yako. Mmoja analia, mmoja anatukana, mmoja anataka kwenda msalani, wa nne amelala kimya. Unaanza na nani?" Wageni wote walikimbilia anayelia, maskini, kwa huruma zao. Yeye akatikisa kichwa. "Anayelia ana pumzi ya kulilia. Anayetukana ana nguvu za kutukana. Kimya kingi kina mshindo mkuu, wanangu. Nendeni mkamwone aliyenyamaza."

Na somo lake la pili lilikuwa la mkono. Mgonjwa akitoka kupasuliwa, alisema, msidanganywe na bandeji. Inaweza kuwa nyeupe pe upande wa juu na mtu anaisha upande wa chini, kwa sababu damu haipandi juu ili ikuonyeshe, inateremka. "Pitisha mkono chini ya mgonjwa, utoe, uutazame." Kisha alimlaza mwanafunzi mmoja kitandani na wengine wote wakapitisha mkono chini yake, mmoja mmoja, huku wakicheka kama wanatekenywa wao. Wacheke, wasicheke, kila mtu aliupitisha.

Miaka michache kabla hajastaafu, darasani kwake alikuwamo binti mmoja mwenye kichwa cha ajabu. Alichosoma jioni alikisema asubuhi bila kuruka hata nukta. Siku moja kando ya kitanda akamwaga dalili zote za mtu anayevuja damu ndani kwa ndani: kiu, mapigo ya mbio, mikono baridi, kuhangaika. Wenzake wakakodoa macho. Mama Umejuaje akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Kiu inatoka wapi? Kwa nini mtu anayepoteza damu aone kiu?" Binti akaanza kuzitaja dalili upya, kutoka juu. "Mwanangu," Mwalimu akasema, "wewe ni kasuku." Darasa likaangua kicheko, na jina likamganda binti wa watu. Zaidi ya hapo, Mwalimu akamrudisha mwaka. Kasuku alilia siku hiyo mpaka macho yakavimba, kisha akarudi, akakaa benchi la mbele kabisa, na mwaka uliofuata akafaulu. Mwalimu alifurahi, ila mara nyingine akiwa anaosha vyombo nyumbani alijiuliza kama hakumkaza mno yule mtoto.

Basi akastaafu. Mumewe alikuwa fundi wa friji, mtu wa maneno mengi na mikono yenye akili, na nyumbani kwao friji lilikuwa linavuja. Kinyozi hajinyoi, si ndiyo? Kila siku, "Nitalitazama kesho, mke wangu." Asubuhi moja mke wake akakanyaga yale maji, akateleza, akaangukia upande, na mfupa wa nyonga ukavunjika. Mzee alimbeba huku analia na kujilaani, na mama wa watu ndiye aliyembembeleza yeye.

Akapelekwa hospitali ile ile aliyofundishia. Madaktari wakamfunga vyuma kwenye nyonga, kazi ikaenda vizuri, akalazwa kitanda cha dirishani. Wodi nzima ilikuwa yake. Nesi aliyemtundikia dripu alikuwa mwanafunzi wake, na Sista Mkuu wa wodi, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya kuamrisha jeshi, naye alikuwa mwanafunzi wake wa zamani sana. Walimpenda, nakuambieni. Walimletea mto wa ziada. Walinong'ona wakipita kwake. Nesi mmoja alipokuja kuchukua mapigo yake, mkono uliotetemeka ulikuwa wa nesi.

Na hapo ndipo kosa lilipoingia, tena liliingia kwa mlango wa heshima. Mgonjwa mwingine wangemgeuza, wangemfunua, wangemkagua. Lakini Mwalimu? Nani amfunue Mwalimu? Walisimama mwisho wa kitanda, mikono nyuma, wakauliza, "Mwalimu, unaendeleaje?" Naye akajibu, "Niko sawa." Wakaandika: yuko sawa. Siku ya pili baada ya upasuaji walimwuliza kama wamwogeshe. "Nitajifuta mwenyewe," akasema. Nao wakashusha pumzi kwa raha, kwa sababu hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kumwogesha Mama Umejuaje. Bandeji iliyoonekana kwa juu ilikuwa nyeupe, haina doa.

Wenyewe wangeulizwa kwenye mtihani, wangejibu sawasawa wote.

Kabla ya adhuhuri siku hiyo alihisi unyevu chini yake. Ngoja niseme wazi, nisiwafiche: ilikuwa damu. Mshipa mdogo karibu na kidonda ulikuwa umefunguka, nayo ilipita nyuma ya paja, ikajikusanya juu ya mpira uliotandikwa chini ya shuka, polepole, bila kelele. Lakini yeye aliyefundisha jambo hilo miaka yote hakufikiria damu hata mara moja. Mganga hajigangi. Alifikiri amejikojolea.

Jamani, aibu iliyompata! Yeye, mbele ya watoto aliowafundisha jinsi ya kumsafisha mtu bila kumvunjia hadhi. Akalivuta blanketi mpaka kifuani, akalikaza kwa viwiko. Akaamua atasubiri. Atasubiri nini, hata mwenyewe hakujua. Mumewe alikuwa ameketi kwenye stuli pembeni akimsimulia habari za friji la mteja fulani.

"Nipe maji," akasema. Akanywa. Baada ya muda kidogo, "Nipe maji tena."

"Una kiu leo, mama," mzee akasema.

"Joto la humu ndani."

Lakini mikono yake ilikuwa baridi, na miguu haikutulia chini ya blanketi. Alipiga miayo. Jua la dirishani lilianza kumkera, kisha likawa halimkeri tena, na hilo la pili ndilo lililokuwa baya zaidi.

Zamu ya mchana ikaingia. Na aliyekuja upande wa dirishani, akisukuma mashine ya presha yenye tairi moja lililokwama, alikuwa Kasuku. Alikuwa amerudi kutoka likizo siku hiyo hiyo. Mwalimu alipomwona akajisemea moyoni, haya, leo mtoto analipiza. Akatabasamu kidogo.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu."

Wodi ilikuwa na kazi nyingi, na Kasuku alikuwa na haraka. Akauzungusha mpira wa presha kwenye mkono wa Mwalimu, akaufunga juu ya mkono wa gauni badala ya kwenye ngozi. Mwalimu aliliona hilo. Kwa miaka mingi alikuwa amewafukuza watu wodini kwa kosa hilo hilo. Sasa alilitazama tu, akaona hata kufungua mdomo ni kazi kubwa mno. Akafumba macho.

Mashine ikavuma, ikatoa namba. Presha haikuwa mbaya. Mapigo yalikuwa ya mbio kuliko ya asubuhi.

Kasuku hakuondoka. Alisimama pale, akamtazama usoni, akaitazama glasi tupu mezani.

"Mwalimu, unaendeleaje?"

"Niko sawa."

"Umejuaje?"

Mzee kwenye stuli aliguna. Nesi wa kitanda cha jirani akageuka. Swali hilo halijawahi kurudishwa kwa mwenyewe tangu chuo kianze.

Mwalimu akafumbua macho. "Najijua."

"Hilo si jibu," Kasuku akasema. Akaushika mkono wa Mwalimu, akautazama ukucha, akakigeuza kiganja kwenye mwanga. Kilikuwa kimepauka. "Mzee, huyu mama amekunywa maji mara ngapi?"

"Ee bwana, kila nikikaa naambiwa niinuke," mzee akajibu.

Kasuku akavuta pazia kuzunguka kitanda. Akamwomba mzee atoke, naye akatoka bila hadithi. Akavaa glavu. "Naomba nipitishe mkono chini, Mwalimu."

"Acha."

"Siwezi kuacha."

"Mwanangu, acha." Machozi yakamlengalenga mama yule, akamshika kwa vidole vilivyokuwa baridi, akanong'ona, "Nimejikojolea. Usiwaambie wenzako."

Kasuku akainama mpaka mdomo wake ukakaribia sikio la Mwalimu. "Kama ni hivyo, nitakusafisha mimi mwenyewe na hatajua mtu. Ulitufundisha hivyo. Lakini niruhusu nione."

Mwalimu akavilegeza viwiko vyake vilivyokuwa vimekaza blanketi.

Mkono ukaingia chini ya nyonga, ukafika mgongoni, ukatoka. Glavu ilikuwa nyekundu mpaka kwenye kifundo. Wakautazama wote wawili. Na katika ule uchovu mzito, Mama Umejuaje alihisi kitu ambacho hakukitegemea: akili yake ilirudi kazini. "Kandamiza," akasema kwa pumzi ndogo. "Ita."

"Nakandamiza. Naita." Na Kasuku akaita, bila kupiga yowe, kwa sauti ya mtu anayejua anataka nini: Sista Mkuu, daktari, oksijeni, dripu ya pili, damu. Sista Mkuu alikuja mbio, akaona shuka, akaweka mkono mdomoni. "Nimepita hapa tangu asubuhi," akasema. "Nimepita hapa, mimi!" Kisha akafuta machozi kwa bega akashika kazi, maana huo haukuwa muda wa kulia.

Wakamrudisha chumba cha upasuaji. Mshipa ukafungwa. Mzee alikaa kwenye benchi la korido akaahidi mbele ya kila aliyepita kwamba friji lile atalitengeneza siku hiyo hiyo. Akamwambia mfagizi, akamwambia mlinzi. "Friji likivuja unatazama nyuma yake," alikuwa akisema. "Fundi mzima mimi, nimekaa mbele nikamimina maji tu." Mlinzi akampigapiga begani. Daktari alipotoka na kusema mama amepona, mzee alimkumbatia daktari, akamkumbatia mlinzi, na alipomwona Kasuku anapita na ndoo ya nguo chafu akamkumbatia pamoja na ndoo.

Siku zilizofuata wodi ilibadilika. Sista Mkuu mwenyewe alikuja asubuhi na beseni la maji ya uvuguvugu na taulo begani. "Mwalimu, leo hujifuti mwenyewe." Akamwogesha kwa utaratibu, akamgeuza, akakagua mgongo, visigino, kila mahali. Mwalimu alilala akitazama ukuta na machozi yakamtoka, na hayakuwa ya aibu. Alikuwa anafikiria mikono yote iliyopita katika darasa lake ikicheka, na kwamba sasa mikono hiyo ilikuwa chini yake, inamshikilia. Alishukuru kwa sauti. Alimshukuru Mungu, akamshukuru Sista, akalishukuru hata beseni, mpaka Sista akamwambia, "Mwalimu, nyamaza basi, nitalia mimi."

Kasuku alikuja mchana na mashine yake ya tairi bovu.

"Kaa," Mwalimu akamwambia. "Nina swali."

Kasuku akakaa kwenye stuli ya mzee, akanyoosha mgongo kama yuko benchi la mbele.

"Bandeji ilikuwa nyeupe. Presha haikuwa imeshuka. Nilikuambia niko sawa, na wenzako wote waliniamini. Hata mimi nilijiamini. Umejuaje?"

"Kiu, Mwalimu. Na sasa najua inatoka wapi. Mwili ukiona damu imepungua unadai maji ya kujazia." Akatabasamu kidogo. "Mapigo pia yalikuwa yamepanda. Na mikono ilikuwa baridi."

"Hayo uliyaona baadaye. Nauliza cha kwanza. Nini kilikufanya usiondoke?"

Kasuku akatazama chini. "Nikisema utanigombeza."

"Sema."

"Nilikufunga mpira wa presha juu ya gauni. Nilikosea kwa haraka, na nilipogundua nikakaza moyo, nikasubiri unirukie." Akainua macho, nayo yalikuwa yamejaa. "Ukanyamaza, Mwalimu. Ukanitazama, ukanyamaza. Nikajua unatuacha."

Kicheko kikamtoka Mama Umejuaje, kikamuumiza nyonga, akaishika nyonga huku anacheka na huku analia, na Kasuku naye akashindwa kujizuia. Walipotulia, Mwalimu akafuta uso kwa shuka. Akapandisha mkono wa gauni juu kabisa, mpaka begani, akaunyoosha mkono wake mtupu mbele ya yule binti.

"Asante, mwanangu," akasema. "Haya, funga vizuri."