Baiskeli Iliyopimwa kwa Ufito

Mimi ni mfupi. Naanza na hilo kwa sababu watu wakinisikia nagomba kwa mbali hudhani ni jimama. Nikisimama karibu na mume wangu, kichwa changu kinaishia kwapani mwake. Nimekuwa hivi tangu darasa la saba. Kidato cha nne hakikuniongezea kitu ila mdomo.

Kiwanda alichofanyia kazi mume wangu kiliuzwa kwa mwekezaji, mwekezaji akawapunguza watu. Wengi walirudi kwao. Sisi tulibaki Kihonda na mtoto ambaye hata kutembea hajaanza, nikashika biashara ya ndizi na machungwa. Mzigo ulitoka Kinole, kule milimani kunakojaa ndizi, kwenye shamba la ukoo wetu, na mjomba wangu ndiye aliyeuteremsha hadi sokoni mjini. Kuanzia hapo ulikuwa wangu: mtoto mgongoni, tenga kichwani, kwa miguu hadi Kihonda.

Mjomba aliponiona hivyo alisema atanunua baiskeli. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na kaka wa mama ndiye mwenye neno. Nilipiga goti nikamshukuru, na nilishukuru kweli.

Sasa, kule milimani mtu asiyeshuka mjini hununuliwa viatu kwa kijiti. Unakata kijiti urefu wa unyayo wake, unakwenda nacho dukani, unakitia ndani ya kiatu. Kikiingia bila kupinda, unalipa. Mama yangu amevaa viatu vya kijiti maisha yake yote na havijambana. Basi mjomba alinisimamisha mlangoni, akaweka ufito kuanzia kisiginoni, akaukata pale utosini.

"Mjomba, si bora twende wote nikaijaribu?"

"Ukajaribu nini, mwanangu? Urefu wako ninao mkononi."

Walikwenda yeye na mume wangu. Dukani alisimamisha ufito kando ya kila baiskeli, na zote zilikuwa fupi kuliko ufito. Kwa hesabu yake, zote zilinitosha. Akachagua kubwa kuliko zote, nyeusi, nzito, yenye bomba la juu, maana ndiyo itakayobeba mikungu. Mume wangu alikuwepo hapo, mtu mwenye macho yake, anayelala kitanda kimoja na mimi, na ndiye aliyeikokota hadi nyumbani. Wanaume wawili wakaninunulia baiskeli ya mwanamume wa tatu.

Kichwa hakikanyagi pedali! Kinachopimwa ni mguu, kutoka kwenye nyonga hadi unyayo, na ukiwa umekaa kwenye siti uweze kugusa ardhi. Siti waliishusha mpaka mwisho na bado vidole vyangu vilining'inia. Ili nipande nilitafuta jiwe au ukingo wa mtaro, na nikishapanda namwomba Mungu nisilazimike kusimama.

"Utazoea," mume wangu alisema. "Miguu huzoea."

"Na hurefuka?"

"Mama mtoto, umepewa. Wenzako wanatafuta hata pampu hawapati."

Siku moja, karibu na nyumbani, lori lilinikatia mbele. Nikabana breki. Baiskeli ikasimama, mguu ukatafuta ardhi, haukuipata. Tulianguka upande alikokuwa ameegemea mtoto mgongoni kwangu, na nyusi yake ikapasuka. Machungwa yakatawanyika barabarani, na watu waliokuja mbio waliokota machungwa kwanza.

Alishonwa zahanati. Alilia mpaka sauti ikakauka, mimi nimemshika kichwa. Nilipotoka pale sikwenda nyumbani. Niliikokota ile baiskeli hadi kwa wauza mtumba. Enzi hizo kila kitu kilikuwa kimeruhusiwa kuingia nchini, na pamoja na mabelo ya nguo zilishuka baiskeli kuukuu za Japani, zenye kikapu mbele na fremu iliyoinama katikati. Nikaonyesha moja.

"Hiyo ya watoto wa shule, dada."

"Hata mimi nimesoma shule. Ishushe."

Nilikaa. Nyayo zote mbili zikalala chini, viwiko vikabaki vimekunjika kidogo. Nikamwambia tubadilishane.

"Dume lote hili kwa haka kadogo? Mzee nyumbani hatakupiga?"

"Atanipiga akinikamata."

Wakacheka. Mimi sikucheka.

Mjomba alipokuja nilimwamkia, akaitikia, macho yake yakiwa ukutani ilikoegemezwa baiskeli.

"Hiyo siyo niliyoinunua."

"Ile ilimwangusha mjukuu wako."

Alimvuta mtoto, akaigusa ile nyusi taratibu kwa kidole gumba. "Pole, babu." Kisha akanigeukia. "Ungeniita. Ile ilikuwa jasho la shamba. Kitu cha ukoo hakipelekwi sokoni na mtoto wa kike."

"Mtoto wa kike ndiye ukoo, mjomba. Bila tumbo langu, ukoo unaishia kwako."

Mjomba alivaa kofia yake akaondoka, hata maji hakunywa.

Siku ya mzigo ilipofika nilimsubiri mjomba sokoni mpaka jua likawa kali. Ndizi za shamba letu nilikuja kuziona kwa mchuuzi mwingine, mwanamke nisiyemjua. Nilizitambua. Nikauliza bei.

"Wewe mtu wa wapi?"

"Kinole."

Alipiga makofi, akawaita wenzake. "Jamani, njooni muone! Mtu wa Kinole ananunua ndizi!"

Nililipa alichotaka. Nikafunga mkungu kwenye keria, nikakaza kanga ya mtoto, nikapanda.