Njia ya Mbuzi Gatuanyaga

Wivu ulinishika siku ile kocha aliposimamisha kikundi kizima katikati ya mashamba ya kahawa ya Ruiru akasema, "Hebu angalieni vile huyu anasoma ramani." Na huyu mwenyewe alikuwa na miezi michache tu kwetu. Mimi ndiye niliyemleta! Tulikuwa tumepanga ploti moja Mwihoko, mlango kwa mlango. Alitoka magharibi kuja kufanya kazi ya kiwanda Thika, hajui mtu, na mimi kwa huruma zangu nikamwambia awe anakuja tukimbie Jumapili baada ya kanisa. Nikamfundisha kushika dira. Nikamwonyesha jinsi ya kuweka kidole gumba mahali ulipo kwenye ramani ili usipotee. Sasa ati ndiye wa kuangaliwa. Niliinama nikajifanya nafunga kamba za viatu.

Mbio zetu watu wengi hawazijui. Unapewa ramani mkianza, na ndani yake kumechorwa vituo. Kila kituo kina kibendera cha rangi nyeupe na ya machungwa, kimefichwa huko porini. Unavitafuta kwa kufuatana, kimoja hadi kingine, na njia unajichagulia mwenyewe. Hakuna wa kukuambia pita hapa.

Mwaka huo timu ya kwenda nje ya nchi ilikuwa imebakisha nafasi moja ya mwanamke. Atakayeshinda mbio ndefu ndiye angeichukua. Mimi sijawahi kupanda ndege. Nauza nguo za watoto Ruiru, na kwa miaka mingi nilikuwa nimeingoja nafasi kama hiyo, bila mwanamke mwingine kikundini wa kunisumbua. Niliitaka, jamani. Niliitaka mpaka nilikuwa naiota.

Kisha kocha akatangaza kwamba mbio zitafanyika Gatuanyaga. Haiya! Huko ndiko nilikozaliwa. Kila korongo la huko nimelishia mbuzi. Nilimtupia yule jirani yangu jicho, naye akanipigia makofi ati anafurahi kwa niaba yangu. Hata hilo liliniudhi.

Lakini kuna sheria. Mahali pa mbio pakishatangazwa, mkimbiaji haruhusiwi kukanyaga huko mpaka siku yenyewe. "Ukienda kwenu, hukimbii," kocha akasema, na macho yake yalikuwa kwangu. Basi nikakaa miezi bila kwenda nyumbani. Katika kipindi hicho mama akafanyiwa operesheni ya macho, na kaka yangu ndiye aliyemshika mkono hospitali ya huko huko. Mimi nilikuwa wa simu. "Bado naona ukungu tu," mama aliniambia, "lakini usije, mami. Shinda kwanza, ndio uje."

Mwenzangu hakuwa ananyimwa chochote. Kwao ni mbali, sheria haikumgusa. Alikuwa analala, anaamka, anaenda kazi, anacheka na watu wote wa ploti. Nilikuwa nasikia kicheko chake kupitia ukuta na kuongeza sauti ya redio.

Siku ya mbio jua lilikuwa kali na vumbi limetulia juu ya kila jani. Tulianza wote pamoja. Vituo vya kwanza niliviokota kama mayai kwenye kiota, lakini kila nikigeuka namwona, hatua chache nyuma, kidole gumba kwenye ramani. Tulipofika kwenye mwendo mrefu kuliko yote kati ya vituo, alikuwa amenifikia.

Hapo kulikuwa na njia mbili. Moja ni kuzunguka na barabara ya bodaboda, mbali kweli. Nyingine ni kukata moja kwa moja kwa njia ya mbuzi, ile niliyopita utoto wangu wote. Kwenye ramani, njia yangu ilikuwa imekatwa na mstari mweusi mnene, alama ya mahali pasipopitika. Nikacheka. Nikajua huo ni ule ua wa mkonge wa tangu utotoni, ambao hata mwanambuzi anapenya. Aliyechora hii ramani ametoka Nairobi, anajua nini kuhusu kwetu?

Yeye alisimama, akautazama ule mstari, akashika barabara.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone!" nikamwambia kwa sauti, nikaingia kichakani.

Ngai! Ule ua haukuwepo tena. Kulikuwa na ukuta. Ukuta wa mawe ya Ndarugo, mrefu kunipita, juu umepandwa vioo, na ndani mbwa wananiita kwa majina yote. Shamba zima lilikuwa limekatwa maploti wakati mimi natii sheria huko Mwihoko. Kuruka ukuta huruhusiwi, unatolewa kwenye mbio. Nikaufuata upande wa chini nikafika korongoni, miiba ikanichana, upande wa pili nikakuta ukuta mwingine. Ikabidi nirudi nyuma mpaka ile ile barabara ya bodaboda. Nilikimbia nikilia. Na nasema ukweli, niliomba aanguke. Asivunjike, la, ateguke tu kidogo.

Hakuanguka. Nilipofika mwisho alikuwa ameketi kivulini, watu wamemzunguka na chupa za maji, na kocha anatabasamu kama aliyemzaa. Aliponiona akainuka, akanikumbatia. "Pole, sista. Ulipotelea wapi?" Alikuwa ananuka jasho na furaha. Kocha naye akaniletea methali yake: asiyekubali kushindwa si mshindani. Ningekuwa na nguvu ningemng'ata.

Ndipo nikamwona kaka yangu anakuja, amemshika mama mkono. Mama alikuwa na miwani myeusi, na nguo yake ya kanisa. Kipande cha mwisho cha mbio kilipita mbele ya geti letu, na kumbe alikuwa ameketi hapo kwenye kiti tangu asubuhi, ila nilipopita mimi alikuwa ameingia ndani kunywa maji. Nikamwita. Akafuata sauti, akanipapasa mabega, akanipapasa uso.

"Nilisikia miguu ya kwanza inakuja," akasema, anacheka. "Nikaona tu manjano ya hizo fulana zenu kwenye ukungu, nikajua huyo ni wangu. Nikakupigia ngemi! Wee, nimepiga vigelegele mpaka koo likakauka, majirani wakatoka. Ulinisikia?"

Jirani yangu alikuwa amesimama pale pale kando yangu. Aliangalia chini. Yeye ndiye aliyezisikia.

"Nilisikia, mama," nikasema. "Nilisikia zote."