Mashine Mbili na Jina la Mwongeli

Siku yangu ya kwanza kazini sikushika bisibisi. Fundi Mkuu, mtu wa asili ya pwani aliyekuwa na duka la redio na gramafoni nyuma ya soko la Machakos, aliniketisha mbele ya santuri inayozunguka, akaniambia nisikilize mpaka nijue inaumwa wapi. Nilisikiliza hadi adhuhuri, nikidhani ananidharau.

Enzi hizo wateja walikuwa na dawa yao moja. Sindano ikianza kuruka, mtu alibandika sarafu juu ya mkono wa gramafoni, ule ufito unaobeba sindano, ili uikandamize. Kuruka kulikoma, ndiyo, lakini sindano ilichimba mifereji ya santuri, ambamo sauti imo, na sauti ikishachimbwa hairudi. Fundi Mkuu alikuwa akiing'oa ile sarafu na kumrudishia mwenyewe bila neno. Neno lenyewe aliniambia mimi.

"Sindano ikiruka usiitwike mzigo. Tafuta inakimbia nini."

Baadaye niliajiriwa katika karakana ya chuo kimoja, chini ya Mkuu wa Karakana, ambaye kwake kitu kisichofunguliwa hakijatengenezwa. Huko nilijifunza amplifaya, chombo kinachokuza sauti kabla haijafika kwenye spika. Wakubwa wawili, dini mbili. Nilipostaafu waliniaga kwa kunipa amplifaya kuukuu na spika zake, nikazifunika kitambaa sebuleni. Santuri niliziona zimekwisha kazi, kumbe nilikosea. Sasa maduka ya mjini yanauza mashine mpya za kuzichezea.

Ndiyo sababu Mama Mutuku, jirani yangu wa Kalama, aliniomba juzi nimsindikize dukani. Marehemu mumewe alikuwa mpiga gitaa. Ujanani alirekodi santuri moja, na kama wafanyavyo wanamuziki wetu Wakamba, akawasalimu watu kwa majina ndani ya wimbo. Jina la mwisho ni Mwongeli, ndilo lake huyu mama. Tangu mzee azikwe hakuna amwitaye hivyo. Kwa majirani ni Mama Mutuku, kwa wajukuu ni susu, yaani bibi. Na nakala ya santuri imebaki hiyo moja.

Tuliwekewa mezani mashine mbili za bei nafuu, karibu sawa. Moja ilikuwa kama sanduku la safari, spika zake zimo ndani. Nyingine ilikuwa tupu, haina spika, ila nyuma ya mkono wake kuna kizito kidogo unachokizungusha kuamua sindano ikandamize kiasi gani.

"Mimi nataka hii sanduku," alisema Mama Mutuku. "Naweka tu inaimba. Hiyo ingine ni bubu."

Muuzaji alijaribu sanduku kwa santuri ya duka. Iliimba vizuri mpaka karibu na katikati, pale mifereji inapojikunja sana, sindano ikaruka. Kwa adabu kabisa, muuzaji akatoa sarafu mfukoni. Nilipandwa na hasira ambayo sikuwa nayo tangu nistaafu. Nilimwomba airudishe mfukoni, kisha nikamgeukia mama.

"Jina lako liko mwisho wa wimbo, hapo hapo inaporuka. Hii italikula. Si leo, lakini italikula."

Alilishika lile sanduku. Alikuwa amekuja ili asikie siku ile ile.

"Na hiyo bubu itaongea lini, Fundi?"

"Leo. Niko na amplifaya nyumbani."

Basi tukabeba bubu. Sebuleni kwangu niliunganisha waya, nikafuta vumbi, nikaweka santuri ya mama, nikazungusha kile kizito mpaka mkono ukaelea, kisha nikaushusha kidogo tu, kiasi sindano iguse. Nikitazama nyuma, naona sehemu kubwa ya kazi yangu ilikuwa hiyo, kupunguza uzito ambao watu wameongeza kwa nia njema. Hakuna aliyewahi kunisifu kwa hilo, na sidai.

Kulikuwa na mkwaruzo, kisha gitaa, kisha mzee akaanza kuwasalimu watu wake, wengi wao sasa wako udongoni. Mimi kwa mazoea nilikuwa natazama sindano. Ilifika katikati, haikuruka.

"Mwongeli," mzee aliita.

"Niko," akaitika Mama Mutuku, taratibu, kama aliyeitwa kutoka jikoni.