Sukari Ndani ya Maji

Gari langu la kwanza maishani lilikuwa dogo lakini refu kwenda juu, kama yale ya kupeleka watalii mbugani, ila hili lilikuwa limepungua. Jeupe, lakini jua la Riyadh lilikuwa limelichoma likawa rangi ya maziwa ya jana. Sinalo tena. Siku hizi naendesha gari jipya la kampuni, halina kelele hata chembe, na bado najikuta nimetega sikio nikingoja ule mkwaruzo uliokuwa ukitoka chini ya kiti cha abiria. Usipokuja, nahisi kama kuna mtu wa nyumbani amenuna.

Wakati huo nilikuwa nimetoka kwa familia niliyoiendeshea, kafili, yaani mdhamini wangu wa kibali, akakubali nihamie duka la mazulia pale Al-Dirah. Mchana nabeba mazulia, jioni narudi Manfuha, chumba tulichopanga Wakenya wanne. Kwa ile familia nilikuwa nimeshika usukani wa magari ya maana, ya viti vya ngozi, lakini kila safari ilikuwa ya mtu. Madam anaenda sokoni, watoto shuleni, baba kwa marafiki zake. Basi nikawa na ndoto: siku moja niketi kwenye gari, nifunge mlango, na kiti cha nyuma kisiwe na mtu wa kuniambia kata hapa. Na nikikata, nikate kuelekea Jeddah.

Jeddah kulikuwa na dadangu.

Yeye ni kifungua mimba, mimi kitinda mimba. Mama akiwa shambani, mgongo wangu wa kulalia ulikuwa wa dada. Aliniita Babu, kwa sababu nilirithi jina la babu yetu, na hata nilipokuwa mtoto wa kamasi alinisalimia kwa heshima zote, "Shikamoo Babu," halafu ananipangusa pua. Aliondoka nyumbani kuja kufanya kazi za ndani huku Saudia kabla sijaota ndevu. Mimi nilipofika baada ya miaka, tulidhani tutaonana kila mwezi, maana si nchi ni moja? Kumbe kutoka Riyadh hadi Jeddah ni kama kutoka kwetu Bungoma hadi Mombasa, halafu uongeze kidogo. Yeye akipewa Ijumaa moja ya kupumzika, mimi sina. Mimi nikipata, madam wake ana wageni. Tukawa watu wa simu tu.

Halafu akaniambia mkataba wake unaisha na harudi tena. Anaenda nyumbani kabisa, amechoka na jikoni za watu. Nikamwambia, "Dada, usipande gari la mtu. Nitakuja mimi nikupeleke uwanja wa ndege."

"Na gari gani, Babu? La mazulia?"

"Langu."

Ndipo nikaenda mnadani kulitafuta.

Nilienda na mwenzangu wa kitanda cha chini, Mkisii mmoja mlinzi wa ghala, mtu wa kujua kila kitu hata asichokijua. Mnada wa magari ya mitumba kule unaendeshwa na mtu aliyekaa kibandani na kipaza sauti, magari yanapita mbele yake moja moja na yeye anayatangaza. Hili langu lilipopita, likitikisika kidogo kama bibi harusi mwenye haya, yule bwana akapaza sauti: "Sukar fi moya! Sukar fi moya!"

Kiarabu changu kilikuwa cha yalla na halas, twende na basi, lakini hapo sikuhitaji mkalimani. Sukar ni sukari. Moya ni maji, kila siku nilikuwa nikinunua moya dukani.

"Umesikia?" nikamwambia Mkisii. "Mwenyewe anasema ni sukari."

"Sukari ndani ya maji," akasema, akitikisa kichwa kama mwalimu. "Yaani hilo ni laini, buda. Linateleza. Nunua kabla hawajajua."

Nikanunua. Tulirudi Manfuha tukipiga honi, na AC ilikuwa baridi hadi Mkisii akaomba nipunguze. Nilimpigia dada simu ya video nikamwonyesha usukani, kioo, hata kisanduku cha kuwekea glavu. Nilisema jina lake ni Sukari.

Halikumaliza wiki. Liliniachia moshi karibu na msikiti, tukalisukuma hadi gereji ya fundi mmoja Myemeni, mtu mwembamba mwenye meno machache na maneno mengi. Akafungua boneti, akaangalia muda mrefu, akaniuliza walilitangazaje kule mnadani.

"Sukari ndani ya maji," nikajibu kwa majivuno.

Aliweka spana chini. Akamwita jirani yake wa kuziba pancha, akamwita na mtu wa betri, akaniambia nirudie. Nikarudia. Walicheka hadi yule wa pancha akakaa juu ya tairi.

"Rafiki," Myemeni akasema alipopata pumzi, "ukitia sukari ndani ya maji, kesho unaweza kurudi ukaichukua?"

"Hapana."

"Halas. Ndiyo maana yake. Umeliona, umelinunua, shida zake zimeyeyuka humo humo. Usirudi kwa muuzaji kumwuliza sukari iko wapi."

Kumbe ndivyo wanavyosema wakiuza gari bila kuahidi lolote. Mwarabu alikuwa akinionya kwa sauti kubwa, kwa kipaza sauti, na mimi nasikia ninasifiwa. Nilipomwambia dada alicheka hadi madam wake akaja jikoni kuuliza nani amekufa.

"Babu, umenunua uji!"

"Litafika Jeddah, utaona."

"Sijauliza kama litafika. Nauliza kama litanifikisha. Ndege hainisubiri mimi, Babu. Nitapanda teksi, usijitese."

Nilijua nikikosa siku hiyo, nitamwona tena lini? Mimi mkataba wangu ulikuwa bado mbichi. Nikamwambia asiite teksi.

Basi miezi iliyofuata nikawa mwanafunzi wa lile gari. Na niseme ukweli, nilikuwa na furaha. Nilijua kwamba dirisha la nyuma linapanda tu ukilisukuma kwa viganja viwili huku mwenzako anabonyeza kitufe. Nilijua asubuhi linapenda kuachwa lingurume kidogo kabla ya kuondoka, kama mzee anayekohoa kwanza ndipo asalimie. Ijumaa tulijazana humo, Mkisii mbele kama mkuu wa wilaya, tukatoka mji hadi mahali mchanga unapoanza, tukala kuku na wali juu ya boneti wakati bado ina joto. Kama liligoma tulisukuma tukiimba. Sijui kama tungeimba hivyo kwenye gari zima.

Myemeni alitibu ugonjwa mmoja baada ya mwingine, ila mmoja ulimshinda: joto. Gari likichemka mshale unapanda, na ukilizima likiwa limechemka, haliwaki tena mpaka lipoe, upende usipende. Alibadilisha kile na kile, ugonjwa ukabaki pale pale.

"Mshale ukipanda," akaniambia, "zima AC, washa hita hadi mwisho. Hita inavuta joto la injini inalileta ndani."

"Ndani nilipo mimi?"

"Ndiyo."

"Na mimi nitapoa na nini?"

Akanigusa paji la uso kwa kidole chenye grisi. "Wewe Mungu amekupa rejeta yako."

Siku ya safari niliondoka kunapambazuka. Mkisii alikuwa zamu, akanipa chupa za maji na sala fupi ya Kikisii ambayo sikuielewa, lakini niliitikia amina. Mwanzoni gari lilikwenda kama lililoandikiwa barua nzuri. Jua liliposimama, mshale nao ukasimama. Nikazima AC. Nikashusha madirisha yale yanayoshuka. Nikawasha hita.

Msomaji, kama hujawahi kuvuka jangwa la Arabuni na hita imewashwa hadi mwisho, sina la kukueleza. Miguu ilikuwa kama imewekwa ndani ya jiko. Madereva wa malori walinipita wakinitazama. Kwenye kituo kimoja cha mafuta niliacha injini ikinguruma, na mzee mmoja wa Kisaudi mwenye pikapu ya kondoo akaingiza mkono dirishani, akausikia ule upepo, akaurudisha haraka.

"Inta majnun?" akauliza. Wewe mwendawazimu?

Nikamweleza kwa Kiarabu changu cha kuokota: dada, Jeddah, ndege, kesho. Hakuuliza zaidi. Alileta jagi la maji ya kondoo wake akanimwagia kichwani, nguo zote, kisha akapiga paa la gari kama mtu anayeruhusu ngamia aende. "Yalla. Mungu akufikishe."

Nikaenda. Taif, kisha ile njia ya kando tunayopita sisi tusio Waislamu ili tusiingie Makka, kisha hewa ikaanza kunata na kunuka chumvi. Niliingia Bani Malik, mtaa wa Jeddah, jua likiwa linashuka, nikauliza, nikauliza tena. Madam alikuwa amemruhusu dada atoke siku moja mapema, naye alikuwa kwa rafiki zake, wanawake wa kwetu waliopanga ghorofa juu ya duka la kinyozi. Mwanamke mfupi alikuwa amesimama mlangoni mwa lile duka. Nilimpita nikiangalia juu. Dadangu ninayemkumbuka ni mrefu.

"Shikamoo Babu," akasema yule mfupi.

Nilishuka bila hata kuzima. Alinishika ndevu, akazivuta kuona kama ni zangu, akanitazama shati lililolowa.

"Hii ni mvua au ni machozi?"

"Ni hita."

Jioni ile tulikula ugali na samaki, wenzake wakanicheka kwa zamu. Dada hakula sana. Alikuwa akiniangalia nikitafuna, na kila nikimaliza ananiongeza.

Kesho yake mchana tukapakia mabegi. Alikuwa amesuka nywele mpya kwa ajili ya nyumbani, gauni limepigwa pasi, viatu vya kupokelewa na mama. Nilikuwa nimeapa nitamwekea AC njia nzima, aende kama madam. Lakini barabara ilikuwa imejaa magari yasiyosogea, na kabla hatujafika mbali nikaona mshale umeanza.

Sikumwambia. Aliona mwenyewe nikiutazama.

"Umepanda?"

"Dada, shuka tu. Ile pale teksi. Likizimika hapa ndege inaondoka na mimi nitajilaumu mpaka kufa."

Aliitazama teksi. Akalitazama begi, akanitazama mimi. Kisha akavua viatu, akafunga nywele zake mpya kwa kitambaa, akashusha dirisha lake.

"Washa hita."

"Dada..."

"Babu, nimesimama mbele ya majiko ya watu Julai na Agosti miaka yote hii. Hita ya ndugu yangu itanifanya nini? Washa."

Nikawasha. Tulikwenda hivyo, foleni baada ya foleni, jasho likitutiririka, yeye akisimulia mambo ya nyumbani kwa sauti ya juu ili ashinde ule mlio wa upepo. Alinieleza wapi ataweka cherehani yake, na mti gani mama ameukata. Mshale ulibaki juu, lakini haukuvuka mstari mwekundu. Tulipoona bango la wanaoondoka alipiga dashibodi makofi mawili, kama unavyompongeza ng'ombe.

Sasa pale wanaposhusha abiria huruhusiwi kukaa. Kuna mlinzi mwenye fulana ya kung'aa, kazi yake ni kupiga filimbi na kusema yalla. Dada alishuka haraka, akateremsha begi lake mwenyewe, akazunguka hadi dirishani kwangu akiwa tayari ameingiza mkono.

"Usizime," akasema. "Nipe mkono tu. Ukizima hapa umekwisha."

Nilimpa mkono. Ulikuwa mgumu, mkono wa sabuni. Filimbi ikalia. Nikatazama ule mkono ndani ya dirisha, nikafikiri kwamba miaka yote nilikuwa namwona ndani ya kioo cha simu, na sasa naagana naye ndani ya kioo cha gari.

Nikazungusha ufunguo. Injini ikanyamaza.

"Babu! Wewe mtoto ni mjinga!"

Nilishuka nikamkumbatia. Alinitukana begani mwangu kwa Kibukusu, maneno ya mama, halafu akaacha kunitukana. Mlinzi alikuja na filimbi yake mdomoni, akatuona tulivyolowa sisi wawili kama waliotolewa baharini, akaitoa filimbi. "Ukht?" akaniuliza polepole. Dada? Nikatikisa kichwa kukubali. Akageuka akaenda kumpigia filimbi mtu mwingine.

Dada alipoingia mlangoni na toroli yake nilirudi kwenye usukani. Nilijaribu, ingawa nilijua. Kimya. Nyuma yangu honi zikaanza. Mlinzi akarudi, akaegemea gari kwa bega, dereva wa teksi Mpakistani akaja upande wa pili, na baba mmoja aliyemleta mwanawe akaweka kofia yake juu ya begi akasukuma naye. Gari likaanza kusogea taratibu mbele ya vioo virefu vya uwanja wa ndege.

Simu ikalia. Nilimwona dada nyuma ya vile vioo, amesimama katikati ya watu, kitambaa kimemtoka kichwani, amejikunja kwa kicheko.

"Mbona unasukumwa kama bwana harusi? Shuka usukume na wewe!"

"Siwezi, dada, nimeshika usukani."

"Haya," akasema, akipangusa macho. "Basi kata kushoto, Babu, kuna ukingo hapo mbele."

Nikakata kushoto. Nilipoinua macho alikuwa ameshapotea kuelekea kwa wale wa pasipoti.