Nyumba ya Mama Mashuka Imejaa

Kuna watu wakiulizwa hali hujibu hali. Mama Mashuka si mmoja wao. Muulize akiwa na homa, atakwambia mzima wa afya, kisha atakuuliza wewe mbona umekonda. Ndivyo alivyo, na ulimi huo ndio uliomponza.

Jina alilipatia hospitalini, alikofanya kazi mpaka akastaafu, kwenye chumba cha mashuka. Hakuwa muuguzi, ingawa mtaani wapo walioamini hivyo na yeye hakuwasahihisha. Kazi yake ilikuwa kupokea mashuka yaliyotoka kufuliwa na kuyakagua dirishani kwenye mwanga. Lililochakaa katikati alilichana kati kwa kati, akaziunga zile kingo nzima ziwe ndio katikati, na pale palipochakaa pakaenda pembeni kusikolaliwa. Likikataa kabisa alilikata likawa la kitanda cha mtoto, na likikataa na hapo likawa dekio. Mle ndani walikuwa wanawake peke yao, na hakuna daktari wala mke wa daktari aliyesalimika na midomo yao.

Alipostaafu, mume alikuwa bado hai. Kisha mume akafa, na kijana wao wa pekee akahamia mbali kikazi. Simu ya kijana huja pale anapokumbuka, naye hukumbuka akiwa barabarani, honi zikila nusu ya maneno.

"Mama, uko sawa?"

"Niko sawa, baba."

"Haya, sawa."

Mazungumzo ya mama na mwana yameisha hapo.

Sasa, chuo kikuu kina idara ya sayansi ya jamii, na idara ina mwalimu mmoja mwembamba anayetembea kama mtu aliyechelewa. Mwalimu huyo alichoka kusahihisha insha juu ya uzee zilizoandikwa na vijana ambao mzee wa mwisho kuongea naye ni bibi yao, tena walikuwa wanamwomba hela ya vocha. Akawafungisha madaftari. Kila mwanafunzi wa mwaka wa pili akapewa mzee mmoja mtaani, awe anakwenda kwake kila Jumatano alasiri. Asihoji, asiandike. Akae tu, atazame, asikilize, na la muhimu kuliko yote, asimsemee mtu wala asimlishe maneno.

Mama Mashuka akaangukiwa na msichana mrefu mwenye miwani mikubwa, aliyesimama mlangoni kama amekuja kuomba radhi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Bibi wa nani? Niite Mama. Ingia, usinisimamie hapo kama nguzo ya umeme."

Msichana akaingia, akaketi ukingoni mwa kiti, akauliza kwa adabu Mama anaishi na nani.

Hapo ndipo Mama Mashuka alipopiga hesabu mbovu. Aliwaza hivi: mgeni huenda kwenye nyumba ya watu. Mtu ambaye hata mwanawe hamtembelei, mgeni atamtakia nini? Huyu mtoto atanusa ukiwa humu ndani na Jumatano ijayo hatamwona tena. Basi akafungua mdomo, na familia nzima ikatoka.

"Naishi na kijana wangu na mkewe, na wajukuu wawili watundu hao. Wametoka sasa hivi. Ungewahi kidogo ungewakuta."

"Wanarudi saa ngapi?"

"Hao wana saa basi?"

Uongo wa siku moja ni mwepesi. Wa kila Jumatano ni ajira. Ikabidi atoe mashati ya marehemu sandukuni, ayaloweshe, ayaanike yaonekane. Ikabidi aende kwa muuza mitumba kutafuta viatu vya mtoto, aviweke mlangoni, kimoja amekipindua ovyo kana kwamba mwenyewe kakivua mbio mbio. Huyo mkamwana, Mama akampa kazi benki. Jumatano iliyofuata akasahau, akamfanya mwalimu wa chekechea. Msichana akasukuma miwani juu ya pua, akanywa chai yake.

Jumatano moja msichana alimkuta anaanua nguo. Mama Mashuka akaingia na shuka kubwa, na mikono ikafanya ilichozoea: akabana pembe mbili kwenye mlango wa kabati, akarudi kinyumenyume hadi ukutani, akalivuta linyooke. Shuka la namna hiyo hukunjwa na watu wawili. Kazini walisimama uso kwa uso, wakalivuta, wakalipiga pwaa, wakaendeana mpaka mikono ikutane. Msichana aliinuka, akafungua kabati, akashika zile pembe.

"Nakunjia kushoto kwangu au kwako?"

"Fuata mkono wangu. Na uvute, mwanangu. Unavuta kama unaogopa kuliumiza."

Wakavuta, wakaendeana. Vidole vikagusana kwenye upindo, na Mama Mashuka akachelewa kidogo kuachia. Tangu mumewe azikwe hakuna aliyemgusa mkono, ila mwenye duka akimrudishia chenji.

Kuanzia hapo, kila Jumatano asubuhi mashuka yote ya nyumba ile yalifuliwa, hata ambayo hayajalaliwa. Msichana akajifunza kukunja, akajifunza kuunga shuka kwa cherehani, na katikati ya mshono akaanza kusimulia habari zake: mama yake mkali, chumba cha bweni chenye vitanda vya juu kwa juu, mwenzake anayekoroma kama jenereta. Mama Mashuka akacheka mpaka akajifuta machozi kwa shuka la watu. La watu gani, mwenyewe anajua.

Muhula ulipofika katikati, mwalimu akapita kukagua. Akatazama mashati kambani, akaviruka viatu vya mtoto mlangoni, akaketi ameridhika.

"Mama, wewe umejaliwa."

"Tunashukuru."

"Ndiyo maana nasema wazi mbele yako. Wazee ni wengi kuliko wanafunzi wangu, na wapo wasio na mtu kabisa. Huyu jirani yako wa chini, fundi redio, nimemuuliza anaishi na nani. Ananiambia, 'Sina mtu. Nilikuwa na paka, naye kahamia kwa muuza nyama.' Sasa wewe nyumba yako imejaa. Nataka huyu binti aende kwake. Hutapungukiwa, au vipi?"

Mama Mashuka akamtazama msichana. Msichana akamtazama yeye, miwani imeteleza hadi nchani mwa pua, na hakuirudisha. Alikuwa anangoja. Kimya kile kilitosha mtu kusema neno moja, kilitosha hata kusimulia mambo yote tangu msibani. Mama Mashuka akatabasamu.

"Nipungukiwe na nini? Mchukueni tu. Kelele za wajukuu zinanitosha."

Wakashuka ngazi. Akasikia mlango wa chini ukigongwa, ukafunguliwa, ukafungwa.

Jumatano zilizofuata alikaa juu akisikiliza sakafu. Kwanza redio, kisha redio imepunguzwa sauti, kisha kicheko cha msichana. Yule mzee ambaye miaka yote salamu yake ilikuwa kukohoa, sasa alikuwa amepata mdomo. Wakakutana ngazini.

"Mama Mashuka, mkamwana hajambo?"

"Hajambo."

"Mbona sijasikia kiatu chake hata siku moja? Huwa anapaa?"

"Masikio yako yameharibiwa na redio."

"Kwangu redio ndizo mbovu. Masikio ni mazima."

Akaenda zake akicheka, wala hakuwa na ubaya. Mama Mashuka akapanda, akabana shuka kwenye kabati. Kabati lilishika pembe vizuri, siwezi kulisingizia. Ila unaliendea, lenyewe haliji.

Muhula ulipokaribia kuisha, akavaa gauni la heshima na viatu vinavyombana, akaenda chuoni. Kwenye korido ya idara vijana walikuwa wameketi sakafuni, migongo ukutani, kila mmoja na simu yake. Karani akamuuliza anamtaka nani.

"Nimekuja kumwona mwanafunzi wangu."

"Karibu uketi, mwalimu," karani akasema, akamfutia benchi. Hakusahihishwa.

Akakaa pale, madarasa yakitoka na kuingia, vijana wakiruka miguu yake bila kumwona, mpaka msichana akatokea na vitabu kifuani. Alipomwona akaketi karibu naye, bila kuuliza kimemleta nini.

"Huyo fundi wenu mnamwacha lini?" Mama Mashuka akaanza.

"Wiki ijayo, muhula ukiisha."

"Halafu unarudi juu kwangu?"

"Kazi hii inaishia hapo, Mama. Mwaka wa tatu tunapelekwa maofisini."

"Aa. Vizuri. Ofisi ni nzuri, kuna feni."

Mama Mashuka akanyoosha gauni magotini, akalinyoosha tena.

"Lakini mimi mwenyewe naweza kuja," msichana akasema. "Si mambo ya chuo. Jumamosi sina kipindi."

Ulimi ukatangulia mbio, kama kawaida yake. "Usijisumbue, mwanangu. Jumamosi nyumba inajaa, kijana wangu na—"

Ukakwama hapo. Msichana hakumsaidia hata kwa herufi moja. Aliweka mikono juu ya vitabu, akatulia.

"Haijai," Mama Mashuka akasema. Alisema akitazama ukuta. "Hakuna mtu mle. Tangu mume wangu afe, hakuna mtu."

"Najua, Mama."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza."

"Ukaninyamazia? Mbele ya mwalimu wako, ukanikodolea macho tu mpaka wakakuchukua?"

"Tuliambiwa tusimsemee mtu. Tumsubiri aseme mwenyewe."

"Na nisingesema?"

Msichana akawaza. "Hilo hatujafundishwa," akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo.

Mlango wa darasa ukafunguliwa, watu wakamiminika, na kwa muda hawakuweza kusikilizana. Korido ilipotulia, msichana alikuwa bado ameketi palepale.

"Jumamosi nije saa ngapi?"

"Saa yoyote," Mama Mashuka akasema. "Mimi nipo tu."