Mama Pasi na Okidi Alizozifunika kwa Mapenzi

Mama Pasi anasimama mbele ya meza ya miche, mikono ameifunga nyuma kama mtu aliyeingia duka la vyombo vya udongo. Chupa ya kunyunyizia iko karibu, imejaa maji. Haigusi. Anachomeka kidole kwenye kikopo kimoja, kati ya vipande vya maganda ya mti, anakitoa na kukitazama.

"Bado kuna unyevu," anasema. "Leo hamnywi, wanangu. Msinitazame hivyo."

Jina la Mama Pasi amekuja nalo kitaluni kutoka chumba cha dobi cha hoteli moja. Alipiga pasi mashuka huko kwa zaidi ya miaka ishirini, hadi hoteli ilipofungwa akarudi nyumbani na mikono iliyochanikachanika kwa sabuni.

Mwenye kitalu, mwanamke mrefu asiye na maneno mengi, alimchukua kwa majaribio. Akamkabidhi trei moja ya okidi changa, miche arobaini, majani yake madogo kama kucha. Haikuwa trei ya mchezo. Ilitokana na mbegu za mwisho za okidi aliyoachiwa na marehemu mama yake, na okidi yenyewe ilikuwa imeshakufa.

"Aliniambia, 'Hizi zikifa, hakuna nyingine.' Sasa hapo mtu unalalaje?"

Dobi anayeijua kazi, anaeleza, hapigi pasi nguo kavu. Jioni huinyunyizia maji, huikunja na kuifunika, ili asubuhi aikute imelainika. Mazoea yana taabu. Mama Pasi alipoona majani yamesinyaa kidogo kwa joto, alifanya analolijua: kila jioni alinyunyiza maji, akaifunika trei kwa nailoni, akaenda zake nyumbani roho kwatu.

Asubuhi moja alipofunua, alipokewa na harufu ya uozo. Maji yalikuwa yametuama katikati ya majani, na miche kadhaa ilikuwa imeoza moyo, nyeusi tititi.

"Nikampigia simu baba watoto. Eti ananiambia, 'Mke wangu, mashuka yamekufukuza, na maua nayo?'"

Leo Mama Pasi anacheka mpaka anashika mbavu. Siku ile alilia.

Kisha akapiga moyo konde, akaenda kwa mwenye kitalu na ile nailoni mkononi.

"Akaniuliza, 'Nani alikufundisha kufunika?' Nikamwambia, mashuka. Akaichukua ile nailoni mkononi mwangu. Nikajua basi tena. Mara akasema, 'Nenda kanawe mikono, ulete wembe.'"

Walikaa meza moja hadi mchana. Walikata majani na mizizi iliyooza, wakapaka vidonda unga wa mdalasini unaokausha na kuzuia ukungu, wakaihamishia miche mahali penye upepo. Kumi na tisa haikufaa tena. Iliyobaki ilinyimwa maji kwa siku kadhaa.

"Hata marehemu mama yangu alianza kwa kuziua kwa mapenzi," anasema mwenye kitalu. "Okidi hizi porini hushika gome la mti. Mvua inanyesha, upepo unakausha mizizi. Ukizionea huruma kupita kiasi, unazizamisha."

Kwa Mama Pasi, kungoja kulikuwa kugumu kuliko pasi yoyote. Kila asubuhi alifika roho mkononi. Hatimaye aliona kitu kwenye mche wa pembeni: mzizi mpya, mweupe, ncha yake kijani.

"Nilipiga vigelegele peke yangu. Mwenye kitalu akaja mbio na fimbo, akidhani nimeona nyoka!"

Mwenye kitalu aliutazama mzizi ule, akaiangusha fimbo, akamkumbatia. Halafu akasema, "Kesho usichelewe." Hivyo ndivyo Mama Pasi alivyojua kwamba kazi ameipata, akashusha pumzi aliyokuwa ameibana tangu siku ya nailoni.

Miche ishirini na mmoja sasa inakua. Huenda ikachukua miaka minne kutoa maua, na hakuna ajuaye yatakuwa ya rangi gani. Marehemu aliichavusha ile okidi yake mwenyewe, hakumwambia mtu alitumia chavua ya ua lipi.

"Namwomba Mungu anitunzie magoti tu," anasema Mama Pasi. "Ua la kwanza likifunguka, nataka niwe nimesimama hapa na bosi wangu, tuone mama yake alituachia rangi gani."

Jioni inaingia. Kabla ya kuondoka anapita tena mezani, na mkono unanyanyuka wenyewe kutafuta cha kufunikia. Anauona, anautia mfukoni.

"Laleni wazi, wanangu," anasema, na kufunga mlango taratibu.