Dume la Mavuno

Ukitaka kumjua Ludovika, nenda Mogitu, kijiji cha mlimani, Jumapili ya mavuno. Misa ikiisha watu hawarudi nyumbani. Wanazunguka uwanja wa kanisa la kigango, maana vilivyopelekwa altareni asubuhi, alizeti, mbaazi, kuku waliofungwa miguu, vyote vinanadiwa hapo hapo, na anayevinadi ni yeye. Ana sauti ya kuita ng'ombe walio ng'ambo ya korongo, na ulimi usioogopa mwenye pesa wala mwenye cheo. Lakini kazi ile hakupewa kwa ajili ya sauti. Alipewa kwa sababu hasemi uongo. Jogoo akiwa chongo, Ludovika anamnyanyua juu kila mtu amwone. "Huyu ni chongo, ila anawika vizuri. Nani anamtaka?" Na yule chongo anapata bei kuliko wenzake wazima.

Mumewe Onesphory alikufa ghafla kwa ajali ya pikipiki, binti yao Scola akiwa bado anabebwa mgongoni. Tangu hapo sadaka ya Ludovika ya mavuno ilikuwa maharage kidogo kwenye bakuli. Hilo lilimuuma, kwa sababu Jumapili inayofuata katekista Nikolausi husoma majina ya waliotoa vitu vikubwa, na kila anayetajwa husimama. Ludovika alikuwa hajawahi kusimama. "Nanadi vya wenzangu mpaka koo linakauka," aliwaambia akina mama wa jumuiya, "na mimi mwenyewe sina cha kunadiwa." Aliyasema waziwazi, maana kinyongo cha kimyakimya si tabia yake.

Mwaka huu akaamua basi. Zizini kwake palikuwa na dume jekundu lenye baka jeupe usoni, aliyezaliwa na ng'ombe jike ambaye Ludovika alimkuta kwa Onesphory siku alipoolewa. Upepo wa mlimani ulikuwa umeng'oa mabati ya kanisa upande wa kwaya. Ludovika alimvuta dume mwenyewe mpaka kanisani, kichwa juu, na wakati wa kunadi ulipofika alimweka mwishoni kama mtu anayeficha nyama chini ya ugali.

"Dume safi, hana kilema, ametolewa na Ludovika," alinadi, na pale penye jina lake alikaza sauti kidogo. "Nianzie laki nne."

Mfanyabiashara mmoja wa mji wa Katesh alitaja laki nne. Laki nne na nusu ikatoka nyuma, kwa mzee Agustino. Watu waligeuka. Agustino ni mzee ambaye kila mwaka hununua mayai mawili na kwenda zake. Yule wa Katesh alipanda, na mzee naye akapanda.

"Leo mzee wetu amefukua chungu gani?" Ludovika alimtania. "Laki sita, mwenye saba yuko wapi?"

Uwanja ulicheka. Asiyecheka alikuwa Marieta, mke wa Agustino, aliyekaa kwenye kigoda na khanga mabegani. Bibi yule masikio yake yamechoka, kwa hiyo akidhani ananong'ona, anasikika mpaka barabarani. "Mtu gani ananunua ng'ombe wake mwenyewe?" alimwuliza mumewe. "Pesa ya kuchimba kisima hiyo."

Kicheko kilikatika.

Kule mlimani hakuna aliyehitaji kueleweshwa. Wazee wa zamani hawakulaza ng'ombe wote zizi moja, ugonjwa au mwizi asije akawamaliza kwa siku moja. Waliwapeleka kwa marafiki, kimyakimya, na idadi yao ilibaki kwa wanaume wawili waliokubaliana. Mmoja akifa bila kusema, mjane anabaki anachunga mali asiyojua ni ya nani. Ludovika alilijua hilo kwa majirani wote. Kwamba lingeweza kuwa zizini kwake, halikuwahi kumpitia akilini.

Ludovika aliacha kunadi. Nikolausi alimsogelea haraka. "Mama Scola, endelea tu," alinong'ona. "Mzee amekubali kulipa, kanisa linapata mabati, na wewe jina lako litasomwa. Nani amepoteza hapo?"

Na kweli, hakuna aliyepoteza. Jina lake lilikuwa pale pale, kama kikombe kilichokwisha kutiwa chai. Ludovika alilitamani kwa sekunde kadhaa, tena sana. Halafu alimkabidhi katekista kamba ya dume, akavuka uwanja mpaka kwa mzee.

"Shikamoo baba," alisema, ingawa walishaamkiana asubuhi.

"Marahaba, mwanangu."

"Dume ni wako?"

Mzee alitazama chini. "Mama yake nilimpeleka kwa Onesphory. Alipofariki niliona haya kudai ng'ombe kwenye nyumba yenye mtoto anayekunywa maziwa. Wewe nadi, mimi nitamnunua. Acha jina libaki lako."

"Mungu hapewi cha kuazima, baba. Na mimi sijawahi kunadi kitu kwa jina lisilo lake."

"Basi namtoa mimi," mzee alisema taratibu.

Ludovika alirudi katikati, akapaza sauti ile ile. "Nilikosea. Dume huyu ni wa mzee Agustino, na ni yeye anayemtoa. Tunaanza upya." Walianza upya, na mfanyabiashara wa Katesh akamchukua kwa bei ambayo Marieta aliisikia bila kurudiwa.

Watu walidhani yamekwisha. Ludovika hakuondoka katikati. "Baba Agustino," aliita, "sema mbele ya watu. Kwa ng'ombe uliyenipa nitunze, changu ni nini?"

"Desturi inajulikana. Maziwa ni yako, na samadi ni yako."

"Maziwa Scola ameshayamaliza. Samadi ipo, imelundikana nyuma ya zizi miaka yote, kavu, nyeusi, haina mchanga. Nani anaitaka?"

Nikolausi alikohoa. "Mama, samadi kwenye mnada wa Bwana?"

"Mahindi yaliyobarikiwa leo yaliota kwenye nini, katekista?"

Wakulima wa vitunguu saumu hawakungoja jibu. Walipandishiana bei mpaka wawili wakaanza kusukumana mabega.

Jumapili iliyofuata Nikolausi alisoma majina. Alimtaja Agustino, dume mmoja, na mzee akainuka kwa shida huku mkewe akimsukuma. Kisha alisita, akasafisha koo. "Ludovika. Samadi, matrela mawili."

Kanisa zima lilicheka. Ludovika alisimama, wima, akacheka kuliko wote, na hakuketi mpaka alipotosheka.